Kura ya Mlima wa Tatu

"Mlima wa tatu."

Sauti ya Fahmi iliingia sikioni mwa Nkatha kupitia kidude kidogo kuliko punje ya choroko. Nkatha alikuwa na sahani ya pilau mkono mmoja na soda mkono wa pili. Hakupepesa hata ukope.

"Rudia," alinong'ona, akijifanya anapuliza chakula.

"Pigia kura mlima wa tatu. Mnunuzi wa Boniface anasubiri huko. Kwisha."

Kwisha! Mkuu wake alikuwa Nairobi kwenye kiti cha ngozi, na kwa mtu wa kiti cha ngozi mambo huisha upesi.

Nkatha alikuwa Adelphi, Maryland, katika ukumbi mdogo wa wapangaji chini ya maghorofa. Ilikuwa Jumapili, ibada imekwisha. Kamati ya safari ya Ushirika wa Nuru ilikuwa imekaa, watu watano, ikichagua mlima wa kwenda kuendesha pikipiki za theluji wikiendi ndefu ya Februari. Picha za milima zilikuwa zinapita kwenye runinga ya Samsung.

Mmoja wa hao watano alikuwa jasusi. Huyo ni Nkatha, ambaye hapo alijulikana kama Lorraine.

Mwingine alikuwa msaliti.

Boniface alisimama kando ya runinga na rimoti mkononi. Viatu vya Timberland, saa ya Tag Heuer, duka la vifaa vya safari. Idara ya ujasusi aliyoifanyia kazi Nkatha ilijua alichonacho: memori kadi yenye majina ya askari kumi na wanne wa wanyamapori waliokuwa wakitoa habari za wezi wa pembe. Mnunuzi alikuwa ng'ambo ya mpaka, Kanada. Majina yakimfikia, wale kumi na wanne wangezikwa mmoja mmoja. Lakini jina la Boniface lenyewe lilikuwa limechafuka kwenye kila kituo cha mpaka. Alihitaji mlima ulio jirani na mpaka, na kichwa cha mtu asiye na hatia cha kuvushia mzigo.

"Mlima wa kwanza ni hapa hapa Garrett County," alisema Boniface. "Wa pili, Adirondack, New York. Wa tatu, kaskazini kabisa mwa Maine. Hoteli zote tatu nimeongea nazo. Mkibadili mawazo hata asubuhi ya safari, hakuna faini."

"Garrett iko sawa," alisema Kimani, mfanyakazi wa ghala kutoka Hyattsville. "Masaa matatu tu. Monday niko na shift, maze."

"Wewe hata mbinguni utauliza shift inaanza saa ngapi," alisema Violet, muuguzi wa Mwanza, na watu wakacheka.

Garrett ikaanguka. Hata Kimani aliiacha, baada ya kuona picha za Adirondack.

Mama Euphrasia alikuwa anakula pilau yake. Kazi yake ilikuwa kutunza wazee majumbani kwao, huko Annandale, na mgongo wake ulikuwa umeinama kidogo kwa kuwainua. Aliinyooshea runinga kijiko chake.

"Mimi naomba huo wa pili. Huo wenye ziwa limeganda chini yake. Mnajua nimezaliwa Marangu? Theluji ya Kibo niliiona kila asubuhi nikienda shule, sikuwahi kuigusa. Nimekuja huku, theluji ninayoijua ni ya parking. Ina chumvi na matope, naipiga koleo kabla ya shift. Miaka kumi na miwili! Nataka niione ikiwa kwao."

Hakuna aliyecheka.

"Tupige kura," alisema Boniface haraka.

Mikono ikainuka. Adirondack: Euphrasia na Kimani. Maine: Boniface na Violet, aliyetaka kuona wale wanyama wenye pembe pana.

Ikabaki kura moja.

Mama Euphrasia alimgeukia Nkatha akitabasamu. Hakuwa na wasiwasi hata chembe. Huyu si mwanawe?

"Maine," alisema Nkatha.

Tabasamu la yule mama lilipungua, kisha likarudi kwa adabu. "Hata sawa, mwanangu. Theluji ni theluji." Akamwongezea pilau. "Na mama anaendeleaje? Amekula leo?"

"Amekunywa uji," alisema Nkatha.

Uso ulimwaka. Alitamani ardhi ipasuke immeze na sahani yake.

Maana mama hakuwepo. Wiki tatu nyuma, Nkatha alikuwa anatafuta njia ya kuingia kwenye ushirika ule. Akasimama siku ya shuhuda, akalia, akasema mama yake yuko mahututi hospitali ya Meru. Milango yote ikafunguka. Mama Euphrasia alifunga siku tatu kwa ajili ya mgonjwa huyo. Siku tatu bila chai, akiinua wazee wa kilo mia.

Mama yake Nkatha alikuwa amefariki miaka kumi na moja iliyopita. Nkatha alikuwa kazini Djibouti. Hakwenda kumzika.

Ndiye mama aliyemfufua ili amlaze tena mahututi. Mtu mwenye haya hafanyi hivyo, na Nkatha alilijua hilo vizuri kuliko yeyote.

Kabla watu hawajatawanyika, Boniface aligawa helmeti mpya. Zawadi ya duka, alisema. Nyeusi kwa kila mtu.

Nyekundu kwa Mama Euphrasia.

Nkatha alimsaidia kuijaribu. Saa yake, Garmin iliyochezewa na mafundi wa Idara, ilitetemeka mara tatu mkononi. Memori kadi ilikuwa ndani ya sponji, juu ya sikio la kushoto.

Alimpigia Fahmi akiwa kituo cha basi, University Boulevard.

"Iko kwenye helmeti ya mama mmoja. Hajui chochote. Niitoe?"

"Usiguse. Ukiitoa, Boniface atakana na mnunuzi atayeyuka. Mwache avuke nayo."

"Akivuka atakamatwa yeye."

"Wiki moja tu. Tutaeleza, ataachiwa."

"Bosi, mwezi wa tatu ana interview ya makaratasi yake. Akikamatwa mpakani hata saa moja, maisha yake ya huku yamekwisha."

"Nkatha, kuna watu kumi na wanne."

"Najua kuhesabu."

"Basi hesabu. Kwisha."

Ni kweli, alihesabu. Wiki nzima alihesabu. Ushahidi ulihitaji kitu kimoja tu: helmeti ile iwe mkononi mwa Boniface kwa hiari yake mwenyewe, mbele ya macho ya watu. Na Boniface angeishika kwa sababu moja tu, nayo ni kama haiendi tena Maine.

Jumamosi. Saa tatu asubuhi. Hyattsville.

Theluji ilikuwa imeanguka usiku kucha. Basi la kukodi lilinguruma kwenye uwanja wa maegesho nyuma ya kanisa. Boniface alikuwa ameleta pikipiki moja ya theluji, Ski-Doo ya manjano, watu wapige nayo picha. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na gari jeupe aina ya Ford Transit. Ndani yake alikaa Ethan, mshirika wa upande wa Wamarekani, mtoto wa Wakenya aliyezaliwa Silver Spring. Kiswahili alikisikia chote. Kujibu kwa Kiswahili, hapana.

"Kamera iko tayari?" Nkatha aliiuliza saa yake.

"Rolling," ilijibu saa.

"Ukimwona anaishika helmeti nyekundu, usiachie."

"Why would he touch it?"

"Utaona."

Ushirika ule ulikuwa na desturi yake. Kabla ya safari watu hushikana mikono, na mwenye neno moyoni hulitoa. Safari haianzi na kinyongo. Kimani alitangulia kuungama kwamba chapati za Violet zilizopotea alikuwa amezila yeye. Watu wakacheka, wakamsamehe, Violet akamfinya.

"Mwingine?" aliuliza Violet.

Nkatha alijitoa kwenye mstari.

"Unafanya nini?" Sauti ya Fahmi ilikuwa kali sikioni. "Nkatha! Rudi kwenye—"

Alikitoa kile kidude sikioni na kukidondosha kwenye kikombe chake cha kahawa ya Dunkin'. Kikatoa povu, kikanyamaza.

"Mimi niliwadanganya," alisema. Alikuwa amepanga maneno mengi, ya kitaalamu. Yalimpotea yote. "Mama yangu hayuko hospitali. Alifariki zamani. Sikwenda hata kumzika. Nilisema anaumwa ili mnipokee, mkanipokea. Mama Euphrasia alifunga kwa ajili ya mtu aliyekwisha kufa."

Ilisikika injini ya basi peke yake.

"Wewe!" alisema Kimani. "Hata mama?"

"Hata mama."

Machozi yalikuwa yanamtoka. Hayakuwemo kwenye mpango.

"Na kura yangu niliipiga kwa uongo ule ule. Naiondoa Maine. Naipeleka mlima wa pili."

"Haiwezekani!" Boniface alipaza sauti. "Mambo ya kura yameshapita!"

"Kura ya uongo imeharibika," alisema Kimani. "Tatu kwa mbili. Adirondack."

"Tena nne kwa moja," alisema Violet taratibu. "Si ulituambia mwenyewe hata asubuhi ya safari hakuna faini?"

Mdomo uliponza kichwa. Boniface alitazama saa yake, akatazama basi, akatazama helmeti nyekundu kifuani mwa Mama Euphrasia. Jasho lilimtoka katikati ya theluji.

"Hiyo yako ina kasoro, Mama," alisema. "Ngoja nikubadilishie."

Akaipokonya.

"He's got it!" Saa ilipiga kelele. "It's on camera!"

Boniface alishasikia. Aliangalia mkono wa Nkatha, kisha uso wake.

Akakimbia.

Toyota Tacoma yake ilitoka uwanjani kwa kuteleza, ikagonga pipa la takataka, ikashika barabara. Ethan aligeuza gari lake, gurudumu likazama kwenye lundo la theluji. "I'm stuck!"

Nkatha hakuwahi kuendesha pikipiki ya theluji. Lakini wiki hizo zote alikuwa amemsikiliza Boniface akieleza inavyowashwa. Mganga hajigangi, ila huyu alikuwa amejiroga mwenyewe.

Aliruka juu ya Ski-Doo. Ufunguo. Kitufe. Kidole gumba kwenye akselereta.

Ilimrusha mbele nusura imwache.

Tacoma ilikuwa lazima izunguke bustani yote kufuata barabara. Nkatha aliikata katikati. Alipita bembea, alipita goli la mpira, akashuka ukingo wa kijito na kupanda wa pili akiwa hewani nusu ya njia. Aliponea tawi kwa inchi moja.

Akaibukia kwenye taa za barabarani, mbele ya Tacoma.

Breki. Gari lilijizungusha mara mbili na kuzima.

Bastola ya Glock 19 ilikuwa tayari mkononi mwa Nkatha. Ilikuwa ya kuazima, ameisainia kwa Ethan.

"Shuka. Njoo nayo."

Boniface alishuka, amekumbatia helmeti. "Lorraine, dada yangu, tunaweza kuongea..."

"Lorraine hayupo. Piga magoti."

Akapiga.

Ethan alifika akihema, kwa miguu. Alimfunga Boniface pingu, akachukua simu yake na ile helmeti nyekundu. Saa na mahali pa kukutana na mnunuzi vilikuwa kwenye simu. Kesho yake jioni mnunuzi huyo angemwona mtu mwenye helmeti nyekundu akija kwenye theluji ya mpakani, upande wa Maine, angenyoosha mkono, na angepokea pingu.

Askari kumi na wanne wangelala salama.

Nkatha aliirudisha Ski-Doo uwanjani. Watu walisogea kando wakimpisha. Mama Euphrasia alisimama kwenye mlango wa basi.

"Kumbe wewe ni polisi."

"Kitu kama hicho, Mama."

"Na kile kilio? Kilikuwa kazi pia?"

"Nilipanga kiwe kazi. Hakikuwa."

Mama Euphrasia alifungua mkoba wake.

"Sijakusamehe. Msamaha utakuja kwa wakati wake, hauna haraka kama wewe. Lakini nimefunga siku tatu, na mfungo siwezi kuurudisha. Kwetu marehemu huombewa. Nitampa mama yako zile siku zote tatu." Alitoa kalamu na kitabu chake kidogo cha sala. "Nitajie jina lake."

Jasusi hataji jina la ndugu yake. Hilo ndilo somo la siku ya kwanza.

"Tabitha," alisema Nkatha. "Tabitha Kagwiria."

Miaka kumi na moja hakuwa amelitamka. Mama Euphrasia aliliandika polepole, herufi kwa herufi, akauliza kama Kagwiria ina *w*, akasahihisha. Aibu ilimshika Nkatha. Angepigwa kofi, angeshukuru.

Basi liliondoka, likielekea mlima wa pili.

"Need a ride?" aliuliza Ethan.

"Nitatembea."

Alifunga zipu ya koti, akatia mikono mifukoni, akashika barabara iliyotoka kumwagiwa chumvi. Simu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Fahmi: *Kazi nzuri. Kuna siri yoyote uliyoitoa?*

Aliandika bila kusimama.

*Moja. Jina la mama.*