Mota ya Mkanda wa Sita

Asubuhi ya Jumamosi ile Odile Cormier alikaanga ploye, zile chapati za kwao zinazopikwa upande mmoja tu, akamwekea Everett Doak sahani yake kama kawaida. Everett alikuwa msimamizi wa kiwanda cha mbao pale New Brunswick, Kanada, alikokuwa Odile fundi umeme, na swahiba wa marehemu Lorne, kaka yake Odile. Jeneza alilibeba yeye. Tangu msiba, miaka miwili sasa, alikuwa akila mezani pale kila Jumamosi.

"Leo tunaling'oa lile draivu la mkanda wa sita, mdogo wangu," alisema akitafuna. "Tulitupe, tupumzike."

"Mbona bado zima?"

"Zima wapi! Lina nuksi lile. Ongeza chapati, acha ubishi wako wa kifundi."

Draivu ni sanduku la ukutani linaloongoza mwendo wa mota. Umeme wa gridi huja na mapigo yaleyale siku zote. Sanduku huuvunja na kuuunda upya, likiupa mapigo machache mota itambae, mengi mota ikimbie. Ndiyo maana mota ikiamka huimba, sauti nzito kwanza, kisha nyembamba.

Lorne alikufa akitengeneza mkanda wa sita, mmoja wa ile inayosafirisha magogo kiwandani. Ripoti ilisema uzembe wake ndio uliomuua, eti hakutundika kufuli. Pale kila fundi hutundika kufuli lake kwenye swichi kuu kabla ya kuingiza mkono, asije mtu akawasha, ufunguo akautia mfukoni, na la mwenzio huligusi. Lorne huyo, mtu ambaye hata mlango wa friji alikuwa akiujaribu mara mbili! Desturi hiyo, yeye ndiye aliyemfundisha Odile. Lakini Everett aliapa kwamba kufuli hakuliona, na jina la Lorne likabaki kuwa la mzembe. Hilo lilimuuma Odile kuliko kifo chenyewe.

Kiwandani kulikuwa kimya. Nje theluji ilikuwa ikianguka. Odile alizima swichi kuu, akatundika kufuli lake. Wakangoja dakika kumi ili umeme uliobaki tumboni mwa sanduku uishe. Akapima, akapata sifuri. Akazifungua nyaya tatu za mota, akazishika mkononi.

Mota ikaimba.

Sauti nzito, ya chini kabisa. Odile alizitazama nyaya. Hazikugusa kitu. Sauti ikapanda. Mkanda ukaanza kujivuta, taratibu, na vumbi lake la mbao.

"Everett," alinong'ona. "Unaona?"

Everett alirudi nyuma hatua moja. Macho yalimtoka pima, ameyakaza kwenye mdomo wa mkanda.

"Basi, Lorne," alinong'ona. "Basi, ndugu yangu. Nilidhani umeshaenda nyumbani."

"Unasema nini wewe?"

"Magogo yalijaa uani, wakubwa wananipigia kelele. Nikalikata kufuli lake, nikawasha. Odile, haki ya Mungu, nilidhani ameshatoka!"

"Na kufuli?"

"Nililitupa mtoni."

Hasira ilimpanda Odile hadi hofu ikamtoka. Mtu huyu alikuwa akimshika bega na kumwambia kwamba hata mafundi wazuri husahau. Naye alimshukuru. Alimpikia.

"Umemzika kaka yangu na uongo wako," alisema, "halafu ukaja kula kwangu!"

Mota ikanyamaza. Everett akageuka, akatimua mbio. Mlango ukabamizwa, gari likanguruma, likaondoka.

Odile alitoka nje, simu mkononi, awapigie polisi. Akasimama.

Theluji ilikuwa mpya. Nyayo za Everett zilionekana wazi, za mtu anayekimbia, zikaishia pale ulipokuwa mlango wa dereva.

Sambamba nazo zilikuwapo nyingine. Za buti. Za mtu asiye na haraka, hatua moja moja, na katika kila unyayo vumbi la mbao. Zilizunguka hadi upande wa abiria.

Hazikurudi.