Shoveli Iliyosahaulishwa

Katika machimbo ya kokoto kulikuwa na shoveli moja na madereva wawili, mke na mume. Shoveli ni ile mashine ya magurudumu manne yenye ndoo kubwa mbele. Asubuhi aliiendesha mke. Mchana aliipokea mume. Wachimbaji walimwita mke Chapuchapu, kwa sababu hakupenda kungoja. Mume walimwita Taratibu, na hilo halihitaji maelezo.

Waliishi nyumba moja, lakini walionana zaidi kwenye geti la machimbo. Huyu akitoka, yule anaingia. Hapo walipeana ufunguo wa mashine na ufunguo wa nyumba.

"Watoto wamekula?" aliuliza Chapuchapu.

"Wamekula. Mdogo anakohoa kidogo. Na mashine?"

"Haina neno."

Ulikuwa uongo. Tangu mwezi uliopita, taa ya onyo, ile ya manjano mbele ya dereva, ilikuwa inamsumbua. Shoveli ikipanda mlima wa machimbo na ndoo imejaa, taa inawaka na nguvu zinaisha. Mashine inajikongoja kama mgonjwa aliyetoka hospitali kwa miguu. Malori yanapanga foleni na kupiga honi.

Chapuchapu alikuwa amejitafutia dawa. Kabla mume hajafika, alizima injini, akafungua kifuniko cha betri, akaulegeza waya kwa spana. Alingoja kidogo, akaukaza tena. Akiwasha, taa haipo. Alifanya hivyo kwa huruma. Mumewe alikuwa halali vizuri siku hizi. Kwa nini amwongezee mawazo?

Msimamizi wa machimbo hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka kama wengine wote. Jumatatu aliwaita wote wawili.

"Mashine ni moja, mnaoikalia ni wawili," alisema. "Mmoja wenu anaiua. Alhamisi anakuja fundi wa umeme wa mitambo. Atakayeonekana anaiharibu, tutaagana. Sitaki kesi."

Siku hiyo nyumbani walikula, wakawalaza watoto. Chapuchapu alijiuliza kama ni haraka zake. Aliogopa kufukuzwa, na aliogopa zaidi mume wake kufukuzwa kwa kosa lake.

Fundi aliyekuja alikuwa mama wa makamo, mita ya kupimia umeme ikining'inia shingoni. Kila machimbo alimopita walimwita Mama Mita. Alichomeka kifaa chake kwenye soketi chini ya usukani, akatazama skrini, akakunja uso.

"Mashine hii ina shida gani?" aliuliza.

"Inakosa nguvu mlimani, karibu kila siku," alisema msimamizi.

"Mbona yenyewe haikumbuki? Kumbukumbu yake ni tupu kabisa." Aliwageukia madereva. "Nani anafungua waya wa betri?"

Chapuchapu aliitazama betri. Akinyamaza, lawama zitamwangukia mwenzake.

"Mimi," alisema.

"Mimi," alisema Taratibu wakati huohuo.

Walitazamana.

"Wewe?" aliuliza Chapuchapu.

"Kila jioni, kabla sijaondoka. Nilitaka asubuhi uikute haina taa. Una mzigo wa kutosha."

"Na mimi kila mchana! Kwa ajili yako!"

Mama Mita alikaa kwenye ngazi ya shoveli, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Ndoa nzuri hii," alisema. "Anayeteseka ni mashine."

Msimamizi hakucheka. "Kumbe wote wawili," alisema.

"Ngoja kwanza, bosi. Kuficha ni kosa lao. Lakini ugonjwa wenyewe bado hatujaujua."

Kisha akawaeleza.

"Mashine hii ina kompyuta. Kompyuta haina macho wala masikio. Ina vihisio, nyinyi mnaviita sensa. Kimoja kinapima joto la maji ya injini, kingine kinapima presha ya mafuta. Kila kihisio kinapeleka habari kwa waya. Habari ikiwa mbaya, kompyuta inawasha taa na kuhifadhi msimbo wa hitilafu, yaani namba ya kosa. Ikiona hatari, inapunguza nguvu za injini makusudi."

"Kumbe haijachoka?" aliuliza Taratibu.

"Inajilinda. Sasa nyinyi mnafungua betri. Mashine nyingine hazisahau hata betri ikifunguliwa, lakini hii yenu inasahau. Kila siku inawaambia inaumwa, na kila siku mnayafuta maneno yake. Mficha maradhi, kilio humuumbua."

"Tufanyeje?" aliuliza Chapuchapu.

"Fanya kazi yako kama kawaida. Taa ikiwaka, peleka mashine mahali salama, uniite. Usizime, na betri usiiguse."

Chapuchapu alipanda. Jua lilikuwa kali, vumbi lilimjaa kooni, na mgongo ulimuuma. Alichota, akapanda mlima, akamwaga. Akachota tena. Mara taa ikawaka, injini ikapungua nguvu. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo ili azime. Akaurudisha. Akaipeleka shoveli pembeni, akamwita fundi.

"Hii sasa ni hitilafu hai," alisema Mama Mita, akiwaonyesha skrini. "Ipo sasa hivi. Ikitulia, inabaki kwenye kumbukumbu kama hitilafu iliyopita. Na tazameni: msimbo una sehemu mbili. Ya kwanza inataja mahali. Hapa ni joto la maji ya injini."

"Basi maji yanachemka," alidakia msimamizi. "Tununue rejeta mpya ya kupoozea maji."

"Polepole, bosi. Sehemu ya pili inataja aina ya kasoro. Haisemi joto limezidi. Inasema ishara inarukaruka. Maji ya injini hayawezi kuwa ya moto, yakapoa, yakawa ya moto tena kwa kufumba na kufumbua. Msimbo haukwambii ununue nini. Unakwambia uanzie wapi kutafuta."

Alizima injini. Alikipima kihisio kwa mita. Kilikuwa kizima. Akaufuata waya wake kwa vidole, polepole, mpaka nyuma ya injini. Hapo akasimama.

"Njooni muone."

Kibano cha kushikilia waya kilikuwa kimekatika. Waya ulikuwa unasugua chuma, na ganda lake limechubuka. Mashine ikipanda na mzigo, injini ilitikisika, na waya ulio wazi ukagusa chuma, ishara ikarukaruka.

"Si haraka za mke wala polepole ya mume," alisema Mama Mita. "Ni kibano."

Aliuunga waya, akaufunika vizuri, akafunga kibano kipya. Ndipo akaufuta msimbo kwa kifaa chake. "Kufuta ni baada ya kutengeneza," alisema, "siyo kabla."

Chapuchapu aliijaza ndoo mpaka kokoto zikamwagika pembeni. Shoveli ikapanda mlima bila kusita. Taratibu aligeuka, akajifanya ameingiwa na vumbi machoni.

Msimamizi alijikuna kichwa. "Hakuna wa kuaga," alisema. "Lakini mkipokezana, semeni ukweli. Taa gani imewaka, msimbo gani, na mashine ilikuwa inafanya nini. Mkifichana tena, mtaondoka wote wawili, mkalindane huko nyumbani."

Tangu hapo mazungumzo yao kwenye geti yalirefuka. Mchana mmoja Taratibu alifika, akaipokea shoveli.

"Taa?" aliuliza.

"Haikuwaka. Ila breki zinalia kidogo ukishuka. Mwambie msimamizi amwite fundi."

"Nitamwambia. Na wewe?"

Chapuchapu alitaka kusema ni mzima. Alimtazama mumewe, macho yake mekundu, mabega yameinama.

"Nimechoka, mume wangu," alisema. "Mgongo unaniuma tangu wiki iliyopita. Sikutaka kukwambia."

"Mimi nimechoka na kazi sijaanza," alisema Taratibu. Wakacheka wote wawili, kicheko kisicho na nguvu. "Watoto wako kwa dada yangu. Chakula kiko jikoni. Nenda ukalale, na kesho asubuhi tutaomba ruhusa, tukauonyeshe huo mgongo hospitali."

Chapuchapu alikwenda nyumbani, akavua viatu mlangoni, akalala mpaka jioni.