Harusi Kwenye Runinga Pana

Haya yalimpata rafiki yangu Hikma, huko Majengo, mchana kweupe. Yeye na dada yake Sundus walifunga mapazia, watazame kanda ya harusi ya marehemu mama yao kwenye runinga mpya, pana. Picha, iliyokuwa nyembamba, ilivutwa kando ikajaza kioo; bibi harusi na waimbaji wote wakanenepa kama maandazi. Mwanamke mmoja tu, ukingoni, alibaki mwembamba.

"Zima, dadangu," Sundus akanong'ona.

"Sizimi ng'o! Hapa ni kwangu, na yule bibi harusi ni mamangu."

Hikma akabonyeza rimoti, picha irudi umbo lake la zamani. Vigelegele vikakatika ghafla. Harusi nzima ikajibana katikati ya kioo, pembeni kukabaki giza tupu.

Yule mwanamke hakwenda nao. Alisimama palepale gizani, nje ya picha, akimtazama Hikma.