Mikono ya Kijiko

Saa moja na robo asubuhi, Kijiko alifungua chumba cha kuchanganyia dawa akamkuta bosi wake chali sakafuni, kichwa kimepasuka, koti lake jeupe limelowa maji yasiyo na rangi wala harufu. Kando yake kililala chuma cha kuzungushia vitambaa, na chuma hicho kilikuwa cha mashine ya Kijiko mwenyewe. Kiwanda kizima kilimwita Kijiko kwa kuwa kazi yake ilikuwa kukoroga dawa ya kuchovyea vitambaa. Jana yake bosi alimtukana mbele ya watu na kutishia kumfukuza. Aliyetaka wa kusingiziwa hakuwa na haja ya kwenda mbali.

Inspekta alifika saa mbili kasoro dakika kumi, mwanamke mfupi asiyejua haraka. Kiwanda kilishona magauni ya manesi. Tangazo la getini lilisema kitambaa huchovywa kwenye maji ya madini ya fedha, yakaacha kwenye nyuzi chembe ndogo kupita vumbi, na virusi vikitua hapo vinakufa. Bosi alizoea kuingia saa kumi na mbili asubuhi, peke yake. Wengine wenye ufunguo walikuwa watatu tu: Kijiko, mdogo wa bosi aliyekuwa mshirika wake katika biashara, na mama mpimaji wa maabara, ambaye bila sahihi yake gauni halitoki.

"Afande, unangoja nini?" mdogo wa marehemu alifoka. "Chuma chake, ugomvi wake. Mfunge pingu nikamzike kaka yangu!"

"Kaka yako hana haraka tena," Inspekta akamjibu. "Na sisi tusiwe nayo."

Kijiko alimsogelea Inspekta. "Mama, mimi najua kukoroga, kuua sijui. Mke wangu ana mimba ya miezi minane. Nikifungwa, nani atampokea mtoto?"

Inspekta hakumwahidi kitu. Aliingia maabara, mpimaji akamkaribisha chai. Mpimaji mwenyewe alikunywa yake taratibu, glavu mikononi hakuzivua.

"Saa kumi na mbili ulikuwa wapi?"

"Nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Nilikuwa naishi na mdogo wangu. Nimemzika mwezi uliopita."

"Pole sana. Aliugua?"

"Homa. Aliipata kazini."

Saa sita mchana maiti ilitolewa kwenye chumba hicho kisicho na dirisha, ikawekwa barazani kungoja gari. Gari lilipofika, askari walioinua machela nusura waiangushe. Koti lililokuwa jeupe asubuhi lilikuwa jeusi tii, na uso wa marehemu umegeuka mweusi kama sufuria ya jiko la kuni.

"Ni maji ya fedha," alisema daktari wa polisi. "Yakipata mwanga yanageuka meusi. Na yakishika ngozi, hata usugue kwa jiwe hayatoki, mpaka ngozi yenyewe ibambuke."

Inspekta akasimama. Aliita wenye ufunguo wote watatu uani, juani.

"Kijiko, lete mikono."

Ilikuwa imepasukapasuka, ukijivu kidogo kwenye kucha, basi.

"Ameosha!" mdogo wa marehemu akadakia.

"Weusi wa fedha hauoshwi. Kijiko, mwaka mzima umekoroga kwa glavu?"

"Glavu hatukupewa, mama."

"Na mikono haikuwahi kuwa myeusi?"

"Hata siku moja. Kijivu tu, nikinawa inatoka."

Inspekta akamgeukia mshirika. "Basi mlikuwa mnamkorogesha nini?"

Mdogo wa marehemu, aliyepiga kelele tangu asubuhi, sasa alirudi nyuma hatua mbili.

"Mama mpimaji," Inspekta akasema kwa upole, "mtu hanywi chai na glavu. Vua."

Alivua bila kubishana. Vidole vilikuwa vyeusi mpaka kwenye vifundo.

"Chupa ya maji ya fedha ilikuwa moja tu," alisema. "Walichovya humo vipande vya kuniletea nipime. Napima, virusi vinakufa, natia sahihi. Magauni yenyewe yalichovywa kwenye rangi ya kijivu tupu, hiyo anayokoroga Kijiko. Mdogo wangu nesi alinipigia simu: 'Dada, kweli hilo gauni lenu linakinga?' Nikamwambia vaa, usiogope, nimelipima mimi." Akazikunja glavu, akazitia mfukoni. "Baada ya maziko nilikata pindo la gauni lake, nikapima. Hamna kitu. Leo asubuhi nimemuuliza bosi. Akacheka. Akasema manesi hufa kila mwaka. Chuma kilikuwa karibu. Kisha nikammwagia maji aliyomnyima mdogo wangu, yote."

"Kwa mikono mitupu?"

"Kwa makusudi, alama inibakie mimi. Kijiko asifungwe kwa ajili yangu. Ila nilitaka mikono yake itazamwe kwanza, mjiulize alikoroga nini, ndiyo maana nikavaa glavu."

"Muuaji!" mdogo wa marehemu akamrukia, askari wakamdaka. "Umeniulia kaka!"

Mpimaji alimtazama bila kupepesa. "Nimekuulia. Sasa unajua mimi nilivyolala mwezi mzima. Yeye nimemmaliza. Wewe nimekubakiza, ili awepo wa kuulizwa na ndugu wa kila nesi aliyevaa kijivu chenu."

Inspekta alimfunga pingu mpimaji kwanza. Akamwambia Kijiko aende kwa mkewe. Kisha akamgeukia mdogo wa marehemu, akanyoosha mkono kwa askari wake, akaomba pingu za pili.