Mjane wa Jumba la Mlangilangi

Wewe ungeingia nyumba ambayo askari wanane wenye bunduki wameigomea?

Moinaecha aliingia.

Ilikuwa kisiwani Nosy Be, Madagaska, mwaka 1981, saa kumi na nusu alasiri. Redio ya Motorola ilikoroma kiunoni mwa mpelelezi huyo, sauti ya mkuu wake.

"Boti ya wauza silaha inafika saa kumi na moja. Silaha zikitoka humo jumbani, kesho mji wa Mahajanga unaungua."

"Nimesikia."

Jumba lilikuwa la ghorofa mbili, la mawe, veranda yake ya chuma imeliwa na kutu. Mwenyewe, tajiri wa mafuta ya maua ya mlangilangi, alizama baharini mwaka 1912. Mkewe Sittou akakaa eda chumba cha juu, akafa hajaimaliza. Tangu hapo watu wakasema wanamwona dirishani. Binti yake, Bi Rabiata, alizeekea humo peke yake. Kila Idi aliosha vikombe kumi na viwili, vyenye ua la buluu, akawapangia wageni.

Hakuja mtu.

"Mjane katoka tena," sajini Hamidou alinong'ona getini. "Mimi nina watoto, dada."

"Na mimi nina bastola. Kavaaje?"

"Shuka nyeupe. Uso kapaka liwa, manjano tupu. Na marashi yananukia mpaka hapa!"

Moinaecha akacheka.

Bibi yake, kule mtaa wa Antanimasaja, Mahajanga, alikaa eda mbele ya macho yake. Miezi minne na siku kumi. Hakugusa marashi. Hakugusa liwa.

"Mjane wa eda anajipodoa, sajini? Huyo kavalishwa na mtu asiyetujua. Nifuateni."

Ngazi zililia. Juu, kitu cheupe kikanyoosha mikono, kikaguna.

"Mikono juu, bibi harusi!"

Mkono ukazama ndani ya shuka.

Bastola ya Moinaecha, Walther PPK, ililia mara moja.

Bunduki fupi ikaanguka. Shuka ikafuata. Mzungu mwenye masharubu, liwa mpaka masikioni, akashika kiganja akitukana Kifaransa. Wenzake wawili, waliokuwa wakipigilia makasha ya silaha, wakakuta mitutu minane usoni.

"Boti tumeikamata," redio ikasema.

Moinaecha akafungua jiko walimomfungia Bi Rabiata, akarudisha bastola kiunoni, akashika njia ya getini. Taratibu.

Bi Rabiata akasimama mlangoni mwa sebule. Askari wanane wamejaa humo, kofia mkononi, wanaona haya.

Akavitazama vikombe vyake.

"We mwanangu, unakwenda wapi?" akamwita Moinaecha. "Karibuni. Karibuni nyumbani kwa mama yangu."