Vibao vya Nyuma ya Usukani

Haya yalimkuta Sadalla wa Magomeni, rafiki yangu toka utotoni, na si mtu wa kuongopa. Alikuwa amevichoka vile vibao vifupi vya plastiki vya kubadilishia gia nyuma ya usukani wa gari lake, akaenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani kufungiwa virefu vya chuma, vya mtumba.

"Vimetoka gari gani?" aliuliza.

Fundi Hamud alicheka. "Kaka, spea ya mtumba haiulizwi ilikotoka. We piga bismillah, endesha."

Sadalla akaendesha, ila kwa furaha ile bismillah akaisahau. Vibao vikaitika vizuri, ta, ta, mpaka Kariakoo alikokwenda kumchukua mkewe, Nasreen, dukani. Akaingia kwenye maegesho ya chini ya ghorofa. Katikati ya mteremko umeme ukakatika, na taa za gari nazo zikazimika. Likawa giza totoro.

Ta.

Gia ilikuwa imejibadilisha yenyewe. Akakanyaga breki mpaka mwisho. Gari likazidi kushuka taratibu. Akasukuma mlango, ukagoma. Akapiga kelele, lakini huko juu wachuuzi waliendelea kunadi bidhaa zao.

Ta. Ta.

"Kitakuwa kimenasa tu," alijiambia. Akapeleka mkono wa kushoto nyuma ya usukani, akakipapasa kile kibao.

Kilikuwa kimeshashikwa. Vidole vilikuwa vya baridi, na vilipoguswa na vyake, vilisogea kidogo kumpisha.