Mkanda wa Kiti cha Kulia

Mkanda wa kiti cha kulia ulikuwa umelegea, na Masaa alijua kabisa kwamba aliukaza mwenyewe kabla ya kuondoka.

Rubani anayerusha ndege ndogo peke yake hufunga mkanda wa kiti kitupu kilicho pembeni yake, akaukaza mpaka ulale juu ya kiti, usije ukaning'inia na kunasa usukani wa pili ndege ikiwa hewani. Ni kazi ndogo tu, na Masaa hakuwahi kuisahau hata akiwa na usingizi wa kufa mtu. Usiku huo alikuwa juu ya mawingu, nyuma yake kuna marobota ya magazeti na maboksi ya vifaranga vya siku moja, vinalia piu piu piu bila kupumzika. Aligeuka kuchukua chupa yake ya chai, akauona mkanda ule. Ulikuwa umefungwa vilevile, lakini ulikuwa umeinuka na kufanya duara hewani, kama uliozunguka tumbo la mtu mnene.

"Ndege kuukuu hii," alisema kwa sauti, apate kujisikia. "Kila kitu kinalegea." Akaukaza tena, wala hakuutazama mpaka alipotua.

Jina hilo la Masaa alipewa na wenzake pale uwanjani, na lilimkaa sawasawa. Bwana huyu ukimwuliza habari za asubuhi, anakujibu kwa masaa aliyobakiza. Mashirika makubwa ya abiria hayamtaki rubani mpaka awe amerusha masaa mengi, na kijana asiye na mjomba wa kumshika mkono atayapata wapi kama si kwenye mizigo ya usiku? Basi alibeba vifaranga, dawa, vipuri, na siku moja mbuzi aliyemtafunia kofia. Hakulalamika. Kila safari ilimsogeza karibu na ile ndege kubwa nyeupe aliyoiota tangu utotoni.

Zamani walikuwa wawili kwenye ndege moja, leo huyu, kesho yule. Mwenzake aliitwa Pipi, kwa sababu hakukosa pipi ya mnanaa mdomoni hata akizungumza na mnara wa kuongozea ndege. Alikuwa mnene, mcheshi, na tumbo lake lilitangulia mlangoni kabla yake. Pipi alikufa. Ndege iligonga kilima alfajiri, hewa shwari, hakuna mvua wala ukungu. Ikaungua yote. Wachunguzi wakasema rubani alisinzia, kampuni ikaleta ndege nyingine ya aina ileile, na zamu zote zikawa za Masaa. Masaa yakaja kwa mafungu, lakini kila yalipoongezeka hakuweza kuyafurahia.

Maana alijua. Usiku mmoja kabla ya hapo ni yeye aliyeirusha ndege ile. Baridi ilipozidi aliwasha hita, na pamoja na joto ikaingia harufu ya moshi wa injini. Kichwa kikaanza kumgonga, macho yakawa mazito. Alizima hita, akafungua kidirisha, akafika meno yakimgongana. Hakuna rubani asiyejua maana ya hayo: bomba la moshi, ambako hita huchota joto lake, limepasuka, na moshi ule humlaza mtu usingizi asiamke. Ilimpasa amwambie fundi palepale. Lakini fundi angeifungia ndege, ingekaa chini wiki nzima, pengine zaidi, na shirika kubwa lilikuwa karibu kufunga maombi ya kazi. Nitasema nikimaliza safari yangu inayofuata, alijiambia. Hita siwashi, basi, kuna ubaya gani?

Pipi alipokuja kupokea zamu aliigonga ndege, aliyozoea kuiita mama, ubavuni kwa mapenzi. "Vipi, mama yuko sawa?"

"Yuko sawa," Masaa alimjibu. "Ni baridi tu huko juu."

"Kwa baridi si kuna hita!" Pipi akacheka, akapanda. Na Masaa alimwacha apande. Alikuwa na muda wa kutosha wa kumwita, ngazi ile ilikuwa fupi lakini Pipi alikuwa mzito, akipanda polepole huku anahema. Hakumwita.

Sasa mkanda ukawa haukai. Usiku wa pili, safari ikiwa katikati, vifaranga vyote vilinyamaza kwa mpigo mmoja. Halafu ikaja harufu ya mnanaa, tamu na baridi, na nyuma ya mnanaa moshi wa injini, ingawa hita hakuigusa, hakuwahi kuigusa tangu siku ile. Ndege ikaanza kulalia kulia, kidogo kidogo, kama uzito mpya umekaa upande ule, naye akaurudisha usukani kushoto na kuushikilia kwa mikono miwili, shingo imekakamaa asigeuke, huku ndani ya vifaa vya masikioni kukisikika mtu anahema, yule anayehema kwa unene, polepole, pipi ya mnanaa ikigonga meno yake, na mkanda wa kiti cha kulia ukilia krii, krii, ukitanuka kumtosha mwenyewe, mpaka pumzi ile ikasimama na sauti anayoijua ikamwuliza kwa upole kabisa:

"Vipi, mama yuko sawa?"

Masaa aliita mnara, akaomba kutua, na mtu wa mnara akamwuliza mbona analia.

Ikawa hivyo kila safari. Masaa akakonda, mashati yakamning'inia. Mwisho alipiga moyo konde akaenda kwa mganga mmoja aliyekuwa dereva wa malori kabla mgongo haujamshinda, aliyekuwa akiganga katika chumba kilicho nyuma ya duka la matairi. Alimweleza yote, pamoja na lile la hita. Ilikuwa mara ya kwanza kulitamka, na alilitamka kwa kunong'ona.

"Ni Pipi, mzee?"

"Marehemu hana haja na wewe, kapumzika," mganga alisema. "Huyo ni jini. Majini wa namna hiyo hukaa palipofichwa neno. Kakukuta una neno kooni na kiti kitupu pembeni, akajikalia."

"Basi mtoe, nakuomba."

"Kwenye ndege nitamtoa, hiyo kazi yangu. Lakini neno ni lako. Nenda kwa mama wa marehemu, umwambie kama ulivyoniambia mimi."

"Nikisema wataninyang'anya leseni, mzee. Miaka yangu yote itakwenda na maji."

"Najua."

"Na nisiposema?"

"Atahama. Kiti hakina raha sana." Aliposema hivyo mganga hakumtazama Masaa machoni. Alimtazama mdomo.

Mganga alikuja uwanjani jioni, akafukiza ubani ndani ya ndege, akakisomea kile kiti. Asubuhi yake Masaa akaenda kwa mama yake Pipi. Njiani simu ikaita. Shirika kubwa. Amekubaliwa, aripoti Jumatatu. Alisimama kando ya barabara, akacheka, akalia, akafuta uso kwa mkono wa shati.

Mama alimpokea kwa mikono miwili. Kofia ya Pipi ilikuwa juu ya kabati, imefutwa vumbi. "Karibu mwanangu. Wenzake wote wamenisahau, wewe tu." Alimkalisha, akakaa karibu naye, akashusha sauti kana kwamba majirani wamebana masikio ukutani. "Huku wananiita mama wa aliyelala. Hata watoto. Mwanangu hakuwa mtu wa kulala kazini. Wewe ulikuwa naye siku ile, niambie ukweli. Alikuwa amechoka?"

Masaa akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale, juu ya ulimi, zima, limebakia kutoka tu. Akaiona leseni yake, akaiona ndege nyeupe, akayaona macho ya mama yamemganda.

"Alikuwa amechoka kidogo, mama," alisema.

Mama aliinamisha kichwa. "Basi," akasema taratibu. "Basi walisema kweli." Alinyanyuka, akaishusha ile kofia kabatini, akaiweka ndani ya droo.

Kitu cha baridi kikateleza juu ya ulimi wa Masaa, kikakaa. Kilikuwa na ladha ya mnanaa. Alimeza mate mara kadhaa, hakikuondoka, akaaga upesi.

Safari zake za mwisho za mizigo zilikwenda vizuri. Mkanda ulikaa kama alivyoukaza, vifaranga vililia mwanzo hadi mwisho, na Masaa akajipa moyo kwamba yule mganga kazi yake anaijua. Usiku tu hakulala. Kila akifumba macho aliiona droo ikifungwa.

Shirika kubwa lilimpa sare iliyomkaa, na kiti cha rubani msaidizi, ambacho ni cha kulia. Siku moja mchana mweupe walipaa na abiria wamejaa hadi nyuma, watoto wengi wa shule wakiimba. Kapteni wake alikuwa mzee mpole. Walipofika juu, akavuta pua.

"Kijana, unasikia harufu? Kama moshi hivi. Na kichwa kinaanza kunigonga."

Masaa aliisikia. Aliijua vizuri kuliko mtu yeyote duniani. Safari hii nasema, aliapa, Mungu wangu, safari hii nasema, leseni waichukue, kila kitu wachukue. Akafungua mdomo amwambie kapteni avae barakoa ya hewa na wageuze ndege mara moja, akajaza kifua pumzi, na mnanaa ukamjaa kinywani mpaka machozi yakamtoka.

"Yuko sawa, kapteni," mdomo wake ukasema, kwa sauti tulivu, ya kirafiki. "Ni baridi tu huko juu."

Masaa akapiga kelele, lakini ndani kwa ndani, hakuna aliyeisikia. Alitaka kunyoosha mkono amshike kapteni bega. Mkanda ukamkaza tumboni, krii, ukamkaza tena, ukambana kwenye kiti.

"Kwa baridi si kuna joto," kapteni akacheka, akasogeza mkono wake kwenye swichi ya joto.